Vunjajungu: Mdudu Aliyepewa Jina Jikoni

(Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi, Moshi)

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Wanafunzi nawaona, karibuni, huku mbele bado kuna viti, msibanane mlangoni.

Kabla sijasema lolote, chupa hii ipite mikononi. Anzeni na watoto. Kifuniko nimekitoboa, mdudu anapumua, ila msiitikise. Nimemkamata leo alfajiri kwenye masale ya uani kwangu na jioni namrudisha palepale. Mtazameni machoni, taratibu. Mtaona kitone cheusi ndani ya kila jicho. Ukisogeza kichwa chako kushoto, kitone kinakufuata. Ukienda kulia, kinakufuata. Ile si mboni. Jicho lake limeundwa na vijicho vidogo vingi sana, na vile vinavyokuelekea wewe hasa vinameza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana unaona weusi, na popote utakaposimama kuna vinavyokuelekea. Haya, mmeona? Sasa subirini ageuze kichwa. Wadudu wengi wakitaka kutazama nyuma wanageuka mwili mzima. Huyu anageuza shingo, anakutazama juu ya bega kama mtu aliyeitwa njiani.

Anaitwaje?

Binti pale mbele amejibu, asante mwanangu, na umejibu sawasawa, ila umejibu kwa Kiingereza, praying mantis. Kwa Kiswahili? «Panzi.» Panzi ni mwingine, huyu anamla panzi. Nani tena? «Mdudu.» Ndiyo, ni mdudu, na wewe ni mtu, lakini mama yako hakukuita Mtu.

Samahanini nikipandisha sauti. Swali hili nimeliuliza Himo, nimeliuliza Boma Ng'ombe, mwaka juzi nililiuliza Arusha mbele ya walimu watupu, na kila mahali jibu ni hilihili: jina la Kiingereza wanalo, panzi wanaye, mdudu wanaye. Jina lenyewe halipo. Mtoto wa miaka kumi anajua majina ya magari yote yanayopita barabara ya Arusha, na kiumbe aliyemkuta ukutani asubuhi hana jina kinywani mwake. Hilo ndilo linaloniuma, na nitalisema mpaka nichoke, na sijachoka.

Anaitwa vunjajungu. Wapo wanaosema vunjachungu. Kamusi za zamani zina pia kivunjajungu, na ki- mbele. Vunja, jungu. Sentensi nzima imekaa ndani ya jina la mdudu.

Nililipataje jina hili? Nimezaliwa hapa mjini, Njoro, si mbali na stesheni. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, na pamoja na mizigo yake ilipandisha watu wa pwani na maneno yao. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Pangani ambaye mumewe alifanya kazi relini. Sisi nyumbani tulipikia sufuria. Yeye mchuzi wa samaki hakuupika ila kwenye chungu, na alikuwa nacho kimoja kikubwa, cheusi tumboni kwa moshi, kimekaa juu ya kata ya majani makavu ya mgomba kisibiringike.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Nikamkamata mdudu kama huyu kwenye ua wa michongoma, nikamfumba viganjani, nikakimbia naye kwa Bibi kumuuliza ni nani. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Akaacha kukuna. Hakunifokea. Akaniuliza, «Umemshika?» Ndiyo, Bibi. «Kwa mkono upi?» Nikamwambia yote miwili. «Basi mjukuu wangu, leo usiguse chombo changu chochote cha udongo. Huyo ni vunjajungu. Ukishamshika yeye, chungu cha kwanza utakachotia mkono kinavunjika.»

Nilimwachia mdudu pale pale. Siku nzima nilinywa maji kwa kikombe cha bati, na nilikuwa nakipokea kwa ncha za vidole. Jioni wakaja wageni. Bibi katika shughuli zake akasahau, au labda alidhani siku imekwisha, akaniita, «Hebu niletee chungu kile, mjukuu wangu.» Nikaenda. Nikakiinua kwa mikono miwili, nimekikumbatia, macho yangu yote kwenye vidole vyangu. Nilikuwa nachunga mikono isikiangushe. Na kwa kuwa nilikuwa nachunga mikono, miguu nikaisahau, nikajikwaa kwenye kizingiti.

Vipande vitatu vikubwa na vigae vidogo vingi. Naukumbuka mlio wake mpaka leo, haukuwa mkali, ulikuwa mzito kama mtu aliyepiga kifua. Bibi akaja, akatazama chini, akasema neno moja tu, «Nilikwambia.» Hakunipiga. Akaokota kile kigae kikubwa kuliko vyote, akakipangusa, na kwa miaka aliyobaki Moshi alikitumia kuwekea makaa ya kufukizia ubani.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila nikisimulia kuna mtu ananijia baadaye na kuniambia, mwalimu, unawafundisha watoto ushirikina. Ngoja nijibu hapa hapa. Yule mdudu hakuvunja kitu. Wakati chungu kinavunjika alikuwa ameshajiendea zake michongomani. Kilichonikwaza ni jina. Nilitembea nimelibeba jina lile kichwani pamoja na chungu mikononi, na mtoto hawezi kubeba vyote viwili. Mwenye kusema imani ile ni upuuzi ajiulize kwanza nyumba iliyoizaa ilikuwaje: udongo ulichimbwa, ukakandwa, ukafinyangwa, ukakaushwa kivulini siku kadhaa, ukachomwa, na vingine vilipasuka motoni kabla havijapikia chochote. Kilichotoka salama kilikuwa mali. Sasa hebu mweke humo ndani mtoto anayecheza na wadudu halafu anakuja kushika vyombo. Mimi ningekuwa mama wa nyumba hiyo, na mimi ningetafuta neno la kumtisha.

Na hilo neno, jungu, ndilo ninalotaka mlitazame kwa karibu. Mwalimu wa Kiswahili, andika ubaoni nisaidie. Andika nyumba. Chini yake chumba. Chini yake jumba. Vizuri. Sasa pembeni andika nyungu. Chini yake chungu. Chini yake jungu.

Someni safu zote mbili. Mnaona? Ni mlango uleule umefunguliwa mara mbili. Mzizi wa kwanza ni -umba, na wa pili ni -ungu. Ukiweka ki- mbele ya irabu inageuka ch-, ndiyo chumba, ndiyo chungu, ndiyo chombo na chakula pia. Ukitaka kukuza kitu unaweka ji-, ndiyo jumba, ndiyo jungu. Na lile umbo la zamani lenye ny- limebaki kwenye nyumba, na limebaki kwenye nyungu. Mtu asiniambie nyungu halijui. Mwaka 2020 nchi hii nzima ilikuwa inapiga nyungu, watu wamejifunika mablanketi juu ya majani yanayochemka, na wengi walidhani ni neno lililozuliwa mwaka ule. Ni neno la kale kuliko kuta za mji huu, na watu wengi wa lugha za Kibantu, mbali na hapa, wana chungu chao chenye mzizi huohuo.

Kwa hiyo yule mdudu havunji chungu. Anavunja jungu, chungu kikubwa, kile cha watu wengi, kile ambacho wahenga walisema hakikosi ukoko. Aliyelitunga jina alichagua hasara kubwa makusudi. Na wingi wake ni nini? Majungu. Mnacheka kwa sababu mnayajua. Watu wanapika majungu ofisini, wanapika majungu vikobani, na wanaoyapika hawajawahi kufikiri kwamba wanataja vyungu. Lakini ni vilevile: kitu kinapikwa pembeni, kimefunikwa, kinatokota, na siku kikifunuliwa kila mtu anasikia harufu.

Kuna maswali nayajua, nayajibu kabla hayajaulizwa ili tuokoe muda.

La kwanza linaulizwa hapa Moshi tu: je, vunjajungu hahusiani na Vunjo? Hapana, ndugu zangu. Hapana. Vunjo ni jina la mahali, na Kivunjo ni lugha ya watu wake, na vunja ni kitenzi cha Kiswahili. Kufanana sauti si udugu. Nikiruhusu hilo, kesho mtaniambia Moshi imeitwa hivyo kwa sababu ya jiko la kuni. Anayetafuta asili ya neno asishike maneno mawili yaliyopishana njiani akasema ni mtu na mdogo wake. Atafute kwanza kama yanafuata kanuni, kama ile safu yetu ya ubaoni inavyofuata kanuni.

La pili: chungu si jina la sisimizi pia? Ni kweli, wapo wadudu wadogo wanaoitwa chungu, na mtu mmoja Arusha alishikilia kwamba vunjachungu ni mla-sisimizi. Alikuwa na hoja, sikumdharau. Lakini sisimizi havunjwi. Na ukishasema jungu, njia ya sisimizi imefungwa, kwa sababu hakuna sisimizi anayeitwa jungu.

La tatu, vunja jungu la kabla ya Ramadhani. Ndugu zetu Waislamu siku za mwisho za Shaabani wanakula na kufurahi, na wanasema wanavunja jungu, maana kesho mchana jikoni kimya. Jungu ni hilihili. Kitenzi ni hikihiki. Lakini pale anayevunja ni mtu, anavunja kwa furaha, na hapa mdudu ndiye mvunjaji, na mwenye chungu analia. Maneno mawili yamejengwa kwa tofali moja, basi.

Na namna yalivyojengwa ndiyo inayonipa raha kuliko yote. Kitenzi, halafu kinachotendwa, bila kiambishi chochote mbele. Vunja-jungu. Mnajua neno jingine la namna hiyo? Zimamoto! Asante. Lile gari jekundu limepewa jina kwa kanuni ileile aliyopewa mdudu huyu. Fundi ujenzi ana pimamaji mfukoni. Chemshabongo mnaisikia redioni. Na akina mama mlioko hapa, ile mikopo inayolipwa kila siku mpaka mtu anahama mtaa, mnaiitaje? Kausha damu. Nani aliwafundisha? Hakuna baraza lililokaa. Mtu mmoja kwenye kibanda chake aliumia, akafungua kinywa, likatoka jina lenye kanuni kamili, na kesho yake nchi nzima ilikuwa inalisema. Na ukitaka uweke ki-, uipate kifunguakinywa, uipate kifunguamimba na kitindamimba, kama vile kamusi za zamani zilivyoweka kivunjajungu. Kwa hiyo msiniambie Kiswahili hakina uwezo wa kutaja vitu. Kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana. Tatizo ni kwamba bidhaa zake za zamani tumeziacha stoo.

Sasa wenzetu walimwitaje? Wagiriki walimwita mantis, maana yake mwaguzi, mtu anayeona yajayo. Carl Linnaeus, yule Msweden aliyepanga majina ya viumbe, mwaka 1758 akaongeza neno lenye maana ya mcha Mungu, na leo anaandikwa Mantis religiosa. Wajerumani wanamwita mwabudu Mungu. Wareno wanamwita msifu Mungu. Waarabu wanamwita farasi wa Mtume. Wengi wa hao wameitazama ile miguu ya mbele iliyokunjwa kifuani, wakaona sala.

Mimi sina ugomvi na macho ya wenzetu. Lakini itazameni ile miguu kwenye chupa, karibu. Mnaona miba? Imepangwa safu mbili, sehemu moja inajikunja kuingia kwenye nyingine kama kisu cha mfukoni, na panzi akibanwa hapo katikati hatoki. Hasali huyu. Amekaa kwenye mtego wake mwenyewe anangoja. Mpwani aliiona miguu hiyohiyo na wala hakuitaja. Alitaja nini kitatokea nyumbani ukimshika. Na fikirini: Kiswahili kimechukua maneno mengi kutoka Kiarabu, kuanzia sabuni mpaka kitabu, ila farasi wa Mtume hakikumchukua. Mimi naamini ni kwa sababu kiti kilikuwa na mtu tayari.

Ndiyo maana niliumia sana nilipofungua kitabu kimoja cha watoto, sitakitaja, nikakuta picha nzuri ya huyu mdudu, na chini yake yameandikwa maneno matatu: «mdudu wa kusali». Mtu ameketi na Kiingereza mbele yake, amekigeuza neno kwa neno, na kamusi ilikuwa mkono wake unapofika. Ukurasa mmoja tu. Vunjajungu yumo humo, amekaa kwenye herufi V anamngoja.

Muda. Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika kumi? Tano. Haya.

Kuna jambo moja lazima niliseme hata mkininyang'anya kipaza sauti. Wataalamu wa wadudu wanasema ndugu wa karibu kabisa wa vunjajungu, katika aina zake zipatazo 2,400, ni mende. Panzi anayefanana naye ni wa mbali, mende asiyefanana naye ndiye ndugu, na mchwa naye yumo katika ukoo wa mende. Sasa mende kwa jina lake jingine ni nani? Kombamwiko. Komba, mwiko. Anayekomba mwiko usiku watu wamelala. Kitenzi na kinachotendwa, zimamoto ileile! Mdudu mmoja kapewa chungu, ndugu yake kapewa mwiko. Waliotunga majina hawakuwa na darubini wala hawakujua ukoo huo, na sidai walijua. Ila walikuwa jikoni, wanatazama, na jikoni ndiko walikowakuta wote wawili. Walimu wa baiolojia, mkifundisha jamaa hii ya wadudu, anzeni na chungu na mwiko, mtoto hatasahau.

Kijana aliyeuliza kama vunjajungu anasikia: ndiyo, lakini aina nyingi zina sikio moja tu, liko chini ya kifua kati ya miguu. Limejulikana mwaka 1986. Linasikia sauti za popo ambazo wewe huzisikii, na akiruka usiku akazisikia anajitupa chini. Ukimwita jina lake hatageuka, usisumbuke.

Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza kipepeo, kwa sababu ametoka kwenye pepea, na ndugu zake ni upepo, pepeta na peperuka, na kile cha kuchochea mkaa nacho ni kipepeo. Sarufi ndiyo inayowatenganisha: kipepeo kimechanika, nenda kanunue kingine, kipepeo amechanika bawa, mwache apumzike. Mtoto anayesema «kipepeo kinaruka» msahihisheni kwa upole. Kimulimuli mnamjua, ni mulika. Ndorobo nilitaka sana nimseme, kwa kuwa huyo ni wa huku kwetu na Wamaasai wanahusika, ila ndorobo anataka asubuhi yake mwenyewe. Nimemwacha.

Kwenye meza pale mlangoni kuna daftari la jalada la bluu. Wazee wangu, hili ni ombi langu kwenu hasa. Kwa Kiswahili ninalo jina. Kwa Kimochi, Kimashami, Kivunjo, Kirombo, kwa Kipare, Kimeru na Kimaasai nataka nilisikie kutoka kwenu, na ninyi ndio mnaoyajua, wajukuu wenu hawayajui. Mkitoka kwenda kunywa chai simameni hapo dakika moja. Andikeni jina, andikeni kijiji, na andikeni mliambiwa na bibi zenu kitatokea nini mtu akimshika. Asiyeona vizuri amwambie kijana amwandikie.

Na chupa imefika wapi? Irudisheni mbele, tafadhali. Hapana, si dirishani, pale kuna jua. Hapa mezani.